Nilivyomfundisha Bingwa Kushika Kishale

Jamani, hili nimelificha tangu enzi za korona, hata dada yangu tuliyezaliwa tumbo moja hajui, lakini leo acha nilitapike tu: mimi Rehema, mfungasha maboksi wa Wetherill Park, nilimfundisha mtu mzima kurusha vishale kwa wiki tatu, kumbe mwenzangu hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha huko Ulaya.

Ilikuwa ile lockdown ndefu, tulipofungiwa watu wa magharibi mwa Sydney kama kuku wenye mdondo, isipokuwa sisi wa maghala, maana watu wakikaa ndani wanaagiza vitu. Kwenye chumba cha mapumziko wakaondoa meza ili tusikaribiane, supavaiza akatundika ubao wa vishale ukutani tupate cha kufanya. Hapo ndipo nilipojipa ufalme. Nimekulia kota za polisi Moshi, baba alikuwa koplo, na bwaloni kulikuwa na ubao kama ule (kurusha nilirusha mara chache sana, ila wenzangu niliwaambia nilikuwa bingwa wa mkoa, nani angepiga simu Moshi kuuliza?).

Basi akaja Olavi. Mfini, mtu wa Finland, mrefu, kimya, barakoa hadi machoni, mkewe mtu wa Blacktown, hapo jirani. Walikuja kumtembelea mkwe, ndege zikafutwa, akaomba kibarua. Siku moja nikamkuta mbele ya ubao na kishale mkononi, mkono unakwenda, unarudi, unakwenda, unarudi, kishale hakitoki, mwishowe kikamdondokea kiatuni. Nikamwonea huruma. Ningekunywa chai yangu nikanyamaza, leo nisingekuwa na la kusimulia.

"Brother, ngoja nikuelekeze," nikamwambia kwa Kiingereza changu, nikamshika vidole (kwa glavu, sheria ni sheria) nikavipanga kimoja kimoja.

"Asante," akasema. Basi.

Wiki tatu hizo, kila chakula cha mchana ni darasa. Papa Safari, Mkongo wa Bukavu anayeendesha forklift, akanivuta pembeni: "Dada Rehema, uyu muzungu iko na kitu. Angalia vile anasimama."

"Papa Safari, wewe tunza forklift yako."

Sasa kampuni ikaandaa mashindano kwa video, ghala letu na la Melbourne, skrini kubwa ukutani, meneja mwenyewe kaja na shati jeupe. Nikaandikisha jina langu, nikaandikisha na la mwanafunzi wangu bila kumuuliza. Olavi alipojua akageuka rangi. "Rehema, mimi na kamera hapana."

"Usiogope, mwalimu wako nipo."

Nikashika kipaza sauti, nikamsukuma mbele ya kamera, nikatangaza: "Huyu mnayemwona, wiki tatu zilizopita hakujua hata kushika kishale!"

Kwenye skrini watu wa Melbourne wakasogelea kamera yao. Halafu jamaa mmoja mwenye ndevu akainuka mpaka kiti kikaanguka. "Hebu ashushe barakoa kidogo." Olavi akaishusha. "Olavi? Mimi nilipanda ndege kwenda Ulaya kumtazama huyo akirusha!"

Kicheko kilichofuata, jamaniii. Mwenye akili angekwenda kukaa chini. Mimi nikaona niokoe heshima, nikasema narusha wa kwanza. Nikachukua vishale vitatu. Kishale cha kwanza, ukutani. Cha pili, sakafuni. Cha tatu kikaenda kutoboa mfuko wa dawa ya kutakasa mikono uliotundikwa pembeni, dawa ikaruka mstari mmoja mpaka kwa meneja, kuanzia tai hadi mkanda.

"Patron," Papa Safari akamwambia meneja taratibu, "sasa hauna tena virusi hata moja!"

Hapo ndipo nikasikia Olavi akicheka kwa mara ya kwanza. Alicheka akashika ukuta, akaviokota vile vishale machozi yakimtoka, na kabla hajamaliza kucheka akavirusha: pa, pa, pa, vyote vitatu kwenye kile kiupande chembamba cha ishirini mara tatu. Mia na themanini, hakuna zaidi ya hapo. Ukumbi ukalipuka. Yeye alikuwa anatazama vidole vyake tu, na safari hii machozi hayakuwa ya kicheko.

Baadaye tukakaa nje, mita moja na nusu kati yetu. Akaniambia vidole viligoma mwaka mzima kabla ya korona, akisimama mbele ya ubao mkono haufunguki, na mashindano yalipofutwa alishukuru kimoyomoyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana. Na mimi nilipenda kuwa mahali ambapo nikikosa, ni kwa sababu sijui."

"Na mafunzo yangu?"

Akafikiri. "Mabaya sana, Rehema."

Mipaka ilipofunguliwa akarudi mashindanoni. Nilimtazama kwenye simu, akatolewa raundi ya kwanza, lakini kila kishale kilitoka mkononi, nami nikapiga vigelegele peke yangu jikoni.

Tangu siku ile nimeapa: simfundishi mgeni kitu kabla sijamuuliza kwao alikuwa nani. Juzi kaanza kazi dada mmoja kutoka Burundi, nikamwona kaifungua mashine ya kahawa iliyogoma, anachokonoa ndani. Mdomo ukaniwasha, nikaubana, nikamuuliza kwao alifanya kazi gani.

"Fundi mitambo," akajibu bila kugeuka.

Nikamshikia tochi.