Mapitio ya Kawaida

Baba yangu alikuwa chifu huku Dagoretti, na sijaona mtu aliyeheshimu maneno kuliko yeye. Asubuhi akinyoa ndevu aliyaonja kwa sauti, na yasiyofaa akayatupa pamoja na povu. Sisi watoto tulimcheka.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kijana wa jirani alishikwa, akalazwa seli, akatoka amevunjika mkono. Mama yake, muuza matumbo karibu na kichinjio, alilalamika mpaka wakubwa wa mjini wakasikia. Wakaamua kutuma watu wakimulike kituo chetu cha polisi. Lakini kusema "uchunguzi" kuliwashinda kabisa. Bwana DO, afisa wa tarafa na mkubwa wa Baba, akatuletea neno lililopigwa pasi: mapitio ya kawaida.

"Mapitio," Baba alikiambia kioo. "Hata mbuzi hupita."

Kwenye baraza DO alitangaza mapitio yake, akaketi. Mama wa kijana akasimama. Yeye asiposema mbele ya hao wageni watakaotumwa, hakuna mwingine atakayesema, na alikuwa na woga, maana askari walewale bado walipita mlangoni kwake.

"Chifu, hiyo mapitio ni kitu gani? Wakishapita, mimi nitabaki na nani?"

Baba alimtazama mkubwa wake, kisha akainuka, kofia mkononi. "Ni uchunguzi, mama. Wanakuja kuchunguza askari waliomvunja mtoto wako mkono."

"Kama ni uchunguzi, nitasema."

Na siku ya wageni ilipofika akasema, bila kupepesa macho. DO hakufurahi hata kidogo. Haukupita muda, Baba akaitwa mjini "kwa mazungumzo mafupi". Hatukuhitaji kuelezwa; kazi yake ilikuwa inaning'inia. Mama yetu alipika na hakuna aliyekula. Baba alinyoosha sare, akang'arisha vifungo kimoja kimoja, akacheka.

"Mazungumzo gani? Naenda kuchunguzwa."

Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa na hofu, lakini fahari ilikuwa kubwa zaidi. Tulimkuta mama wa kijana, aliyekwisha kusikia habari za wito huo, ametangulia kwenye steji ya matatu, amevaa nguo zake za kanisani.

"Mama, wewe unaenda wapi?" Baba alimuuliza.

"Mjini, chifu. Si tunaenda kuchunguzwa?"