Kijiko cha Mama Pasi

Mimi ni fundi cherehani, na fundi anayeshona barazani haambiwi habari, anaziona. Kwa hiyo msiniite mmbea. Mashine yangu inatazama mlango wa Mama Pasi, na mlango wenyewe haufungwi mchana kutwa kwa sababu ya joto la mkaa. Mlitaka nifumbe macho? Ningejidunga sindano.

Jina hilo la Mama Pasi tulimpa sisi majirani, wateja nao wakalichukua. Alikuwa akiwapigia watu pasi tangu mimi sijahamia pale. Chumba ni kimoja tu: kitanda huku, meza kule, juu ya meza blanketi lililokunjwa na kufunikwa shuka, na chini yake beseni la wanga wa kukazia kola. Mashati yananing'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, ukiingia inabidi uyapangue kwa mikono. Hajawahi kuunguza nguo ya mtu. Ana mkono mwepesi na mdomo mzito, ukimmiminia maneno ya robo saa yeye anakujibu neno moja, na neno lenyewe ni "Mh."

Mume wake alishakufa. Alibaki na binti mmoja, mfungashaji katika kiwanda cha sabuni, na binti akazaa mtoto wa kiume. Baba mtoto aliposikia habari ya mimba aliingia mitini, na mpaka leo hajatoka. Mtoto nikampa mimi jina la utani, Kifungo, maana alizaliwa mdogo, wa mviringo, macho makavu yanakutazama tu. Jina likamganda.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, binti akarudi kiwandani. Alikuwa anakamua maziwa alfajiri, anayaacha kwenye chupa ndani ya ndoo ya maji baridi, anaondoka, na akirudi anamkuta mtoto keshalala. Kifungo akawa mtoto wa bibi yake. Hapo sasa ndipo sisi wanawake wa pale uani tulipoanza kelele. Mtoto akitoa sauti kidogo tu, utasikia: "Ana njaa huyo! Mkorogee uji!" Na mimi ndiye niliyekuwa kiranja. Wangu wote walionja uji wakiwa na miezi mitatu, na wamekua, wananijibu jeuri kila siku.

"Bado," Mama Pasi akasema. "Nesi kasema miezi sita."

"Kwani huyo nesi ndiye anayekesha na mtoto?"

"Mh."

Hakutikisika. Tulimsema, tukamcheka, tukamwambia maziwa peke yake hayamtoshi mtoto wa kiume. Yeye kambeba mjukuu mgongoni, anapiga pasi, hageuki. Walipokwenda kliniki, nesi akamsifu mbele ya foleni nzima, akasema angepata mabibi wengine kama huyu angepumzika. Binti alinisimulia hayo huku anatabasamu mpaka jino la mwisho. Nikanywea, nikajisemea moyoni kwamba jirani yangu anajua analolifanya.

Miezi sita ikatimia. Binti akanunua unga laini, kikombe cha plastiki chenye picha ya bata, na kijiko kidogo. Akavipanga juu ya meza ya pasi, akavitazama, akavipanga upya.

"Mama, kuanzia leo mpe. Kidogo kidogo, mchana, baada ya maziwa. Akizoea utamwongezea ndizi, viazi, umpondee vizuri."

"Sawa, mwanangu," akasema Mama Pasi.

Na kweli, kila siku kabla ya mchana nikawa naiona sufuria ndogo kwenye jiko lake, naye anakoroga taratibu, anaonja, anatia sukari, anadondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kupima moto. Halafu anaingia ndani, kwenye mashati yake. Baadaye anatoka na kikombe kitupu kuosha. Mimi nikasema, haya, mambo yamekuwa.

Lakini mtoto hakukua. Wenzake walikuwa wanakaa, wanajikokota, wanavuta vitambaa vyangu. Kifungo ukimkalisha anaelemea upande, ukimwacha analala pale pale alipoangukia. Mashavu yakapungua. Viganja vyake, ukivifungua, vilikuwa vimefifia, hata ile rangi ya damu huioni. Na alikuwa halii tena sana, jambo ambalo sisi wajinga tulilifurahia.

Kliniki, nesi aliyewasifu juzi akabadilika. "Unampa nini huyu mtoto?" Binti akajibu: uji, ndizi, viazi. "Unampa au unanidanganya? Kadi yake inashuka, hebu angalia!" Binti alirudi macho mekundu. Akanunua dawa ya minyoo. Akanunua dawa ya damu. Akawa anajikamua chooni kule kiwandani, na maziwa yenyewe yalishaanza kukata. Siku yake ya mapumziko alimlisha mwenyewe, na mtoto akautoa uji wote kwa ulimi.

"Mama, mbona anatema hivi? Kwako si anakula?"

"Kwako anadeka," Mama Pasi akasema, na akaenda kuchochea mkaa.

Nilisikia kwa masikio yangu, na bado sikushtuka. Kichwa changu mara nyingine ni cha kupigilia misumari.

Kilichonizindua ni sisimizi. Dereva mmoja, mteja wake na wangu, alikuja kwangu amefura, kashika shati mkononi. "Fundi, niambie wewe. Nimevaa shati safi, limepigwa pasi, kola imekaza kama ubao. Nimeendesha gari asubuhi nzima sisimizi wananila shingo! Angalia!" Akaigeuza kola. Kweli, wamo, wametulia kwenye mshono wanakula. Nikaikwaruza kwa kucha, nikanusa, nikaonja.

Ilikuwa na sukari.

Wanga hautiwi sukari. Nikakumbuka kwamba tangu miezi kadhaa kola za Mama Pasi zimekuwa ngumu kuliko za mtu yeyote, na watu wanamsifia. Nikamwambia dereva aniachie shati nitalisafisha, nikazima maneno yake kwa chai. Kesho yake, nilipoona sufuria ndogo imeepuliwa, niliacha suruali ya mtu chini ya sindano nikavuka.

Hakunisikia. Nilisimama katikati ya mashati nikachungulia. Alikuwa kaketi kitandani, Kifungo mapajani, kikombe cha bata pembeni. Akachota. Akapeleka kijiko mpaka mdomoni. Mtoto, yule mtoto aliyenyauka, akafungua kinywa. Kijiko kikasimama hapo. Mkono ukagoma, mkono ule ule unaopitisha pasi ya moto kati ya kifungo na kifungo bila kugusa. Kijiko kikarudi kikombeni. Mtoto akafumba kinywa. Akachota tena, mtoto akafungua tena, na tena kijiko kikarudi. Sijui ilikuwa mara ngapi, maana machozi yalikuwa yameshaniziba. Mwisho akainama, akaumimina uji wote kwenye beseni la wanga, akaukoroga kwa mkono.

"Mama Pasi!" nikapiga kelele. "Unamuua mtoto!"

Hakuruka. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri siku nyingi.

"Nilikuwa na mwingine kabla ya huyu binti," akasema. "Wa kiume."

Miaka yote ile mlango kwa mlango, sikuwahi kulisikia. Akanisimulia na sauti haipandi haishuki. Alikuwa msichana tu. Mama mkwe wake akasema maziwa yako ni maji, mtoto analia njaa, akakoroga uji, akamwekea kijiko mkononi.

"Akapaliwa. Nikadhani kikohozi tu, nikampigapiga mgongoni. Akawa ananitazama. Ananitazama tu, fundi, na mimi namwambia meza, meza baba, meza."

"Alikuwa na miezi mingapi?"

"Mitatu."

Nikakumbuka kelele zangu za uani, mpe uji, mpe uji. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nesi aliposema mpaka sita nilishukuru," akaendelea. "Nikasema nina muda. Sita ikafika. Kila siku nasema leo. Namkorogea vizuri, anafungua kinywa, na yule naye alifungua hivi hivi." Akamfuta mtoto midomo iliyokuwa mikavu. "Usimwambie binti. Atamchukua. Nikimkosa huyu sina kitu, fundi."

Mimi nina hasira za karibu, lakini siku ile zilikosa pa kushika. Nikamwambia: "Leo usiku anaambiwa. Usiposema wewe, nitasema mimi. Mtoto anakwisha, Mama Pasi, huoni? Anakwisha mikononi mwako tena." Neno hilo la mwisho lilinitoka tu. Lilimpiga, nikaona linavyompiga.

Alisema mwenyewe. Nilikuwapo, nimekaa kwenye kizingiti. Binti hakuwa hata amevua viatu, bado ananuka sabuni. Alisikiliza mpaka mwisho, habari ya kaka asiyemjua na habari ya beseni. Kisha akakimbilia beseni, akaingiza mkono, akautoa umejaa ute, akaunyoosha mbele ya uso wa mama yake.

"Hiki ndicho chakula cha mwanangu? Mimi najikamua chooni kama mwizi, nesi ananitukana mbele za watu, na wewe unawatilia watu kwenye kola?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Ungesema! Mama, ungesema tu! Neno moja!"

"Mh," akasema Mama Pasi, na haikuwa ile ya siku zote. Ilikuwa kama kitu kilichokatika.

Binti akaanza kukusanya nepi. Akakusanya chupa, kofia, kikombe. Akamfunga mtoto mgongoni, akafika mlangoni, akasimama. Aende wapi? Hana ndugu, hana baba mtoto, na alfajiri kiwanda kinamsubiri. Akakaa kwenye kizingiti karibu yangu, akalia kwa kwikwi.

"Nitamlisha mimi," nikasema.

Ndivyo tulivyofanya. Kesho yake mchana nikavuka na kijiko changu mwenyewe, maana cha kwao Mama Pasi alikuwa hataki kukiona. Alimpakata Kifungo, kiganja kakiweka kwenye tumbo la mtoto, uso kaugeuzia ukutani. Nikachota nusu kijiko. Mtoto akautoa kwa ulimi. Nikarudisha. Akautoa. Nikarudisha, akashtuka, akameza.

"Kameza?" Mama Pasi akauliza ukuta.

"Kameza."

"Anapumua?"

"Anapumua. Geuka umwone."

Hakugeuka. Ikawa hivyo kila siku, kijiko kwa kijiko. Kameza? Kameza. Anapumua? Anapumua. Kuna siku nilichoka nikamfokea, nikamwambia nina nguo za watu, kama anataka kujua ageuze shingo, haijakatika. Akajaribu. Aligeuka, akakiona kijiko njiani, akafumba macho.

Mtoto akaanza kurudi. Damu ikaonekana viganjani, akakaa, akajikokota. Lakini amebaki mdogo, mashati ninayomshonea ni ya watoto wa chini yake, na nesi akiulizwa kama atawafikia wenzake anasema tuombe Mungu. Binti naye amebadilika. Wanaishi chumba kile kile, wanalala kitanda kile kile, lakini alfajiri anagonga kwangu ananikabidhi Kifungo mikononi, mama yake amesimama palepale nyuma yake, mikono mitupu. "Mama mdogo, leo mpe na kiazi," ananiambia mimi. Mara akishapotea kwenye kona, mimi namvusha mtoto nampa bibi yake. Yule binti anajua. Hatujawahi kulizungumza.

Mama Pasi anaendelea na kazi. Wanga wake sasa ni wanga mtupu, na wateja wanalalamika kwamba kola zimelegea.

Kifungo sasa anatembea, anakula mwenyewe kwa mkono. Bibi yake amejizoesha kukaa anamtazama, uso umekauka, hapepesi macho. Na mtoto, kwa sababu ya yale maswali ya kila siku, akimeza tu anamgeukia, anapanua kinywa mpaka unaona koo, anasubiri. Bibi anachungulia, anasema "Mh." Ndipo anachukua tonge lingine. Anadhani watu wote ndivyo wanavyokula.

Jumapili iliyopita binti alikuja naye kwangu kuchukua gauni. Nikampa mtoto kipande cha mkate. Akatafuna, akameza, akamgeukia mama yake, akampanulia kinywa.

"Anafanya nini huyu?" binti akauliza, anacheka.

Nikamweleza. Kicheko kikamwishia usoni. Mtoto alikuwa bado kapanua kinywa, shingo kainyoosha, mkate umebaki mkononi, hali. Binti akatazama mlango wa mama yake, akatazama chini. Kisha akapiga magoti sakafuni, kwenye vipande vyangu vya vitambaa, akachungulia ndani ya kinywa cha mwanawe.

"Mh," akamwambia.

Mtoto akaendelea kula.