Isale la Filemon Mlangoni kwa Doris

Mimi Margareta nauza supu Kiboriloni, mlango wa pili kutoka kwa Doris, na nasema wazi: Filemon simpendi. Anayetaka kumhurumia akamsikilize mama yake huko kijijini Mkuu.

Doris alirudi kutoka kwa mume wake huyo akiwa na mkono uliovunjika. Tena hakuanguka. Filemon aliukanyaga kizingitini kwa sababu chakula kilichelewa, akakanyaga mpaka ukalia. Doris akaufunga na khanga, akashuka Kiboriloni kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mkono ulipona ukiwa umepinda, mpaka leo hawezi kujifunga kilemba vizuri.

Basi kila mtu akataka arudi. Kaka yake Theodory, akina mama wa jumuiya, baba mkwe, wote. "Vumilia, mwanangu, ndoa ni msalaba." Msalaba! Mbona msalaba haurushi ngumi? Doris alikuwa anajibu neno moja tu: "Sirudi." Wakawa wanamwandama mwezi kwa mwezi, na mimi nikawa nasali asilegee.

Ili ale, alifungua chumba cha gemu sebuleni. Zamani alikuwa mchapaji kwenye duka la intaneti mjini, na lilipofungwa akabaki na kompyuta moja. Aliiweka chumbani kwake, kando ya kitanda, akaifunika kitenge isiingie vumbi. Mbele akapanga mashine tatu za gemu, zilizotumika, kila moja na TV yake. Vijana wanacheza mpira wa kwenye TV mpaka vidole vinakufa ganzi, kisha wanakaa kuangalia filamu. Na hizo filamu hazikuwa ndani ya zile mashine. Zote zilikuwa kwenye kompyuta kule chumbani, zinapita kwenye waya kupitia tundu la ukutani.

Nilimwambia hilo sielewi hata nikichapwa. Akacheka.

"Dada Margareta, si unaujua mfongo? Maji yanatoka juu mlimani, yanapita kwenye mfereji, yanaingia kila shamba. Kompyuta ndiyo kule juu. Hizi mashine ni mashamba tu."

Hee, hapo nikaelewa! Mfongo nimeuzibua tangu utoto wangu. Filemon naye ameuzibua, ila hakuwahi kumuuliza mkewe swali hata moja. Kwake yeye kompyuta ilikuwa kitu cha kuchapia barua.

Jumamosi moja alasiri akaja na mpini wa sururu. Chumba kimejaa, TV zote tatu zinaonyesha filamu moja ya mapanga, watu wanakatana humo si mchezo. Filemon akasimama mlangoni.

"Kumbe hiki ndicho kinachokupa kiburi!"

Akaipiga mashine ya kwanza, ikapasuka, TV yake ikazima. Vijana wakaruka madirishani. Lakini TV ya pili inaendelea, jitu lilelile linakata vichwa vilevile. Filemon akaduwaa. Akaisaga mashine ya pili. Ya tatu bado inaendelea. Akaipiga hiyo kama anaua nyoka, jasho linamtiririka, na zote zilipozima akapiga kelele, "Nimeiua!" Kisha akamgeukia Doris.

Alimzungushia waya wa pedi ya kuchezea gemu shingoni akauvuta. Mimi niliingia na upawa wa supu, nikampiga kisogoni mpaka upawa ukapinda, wala hakugeuka. Alimpiga Doris mdomoni kwa ngumi. Jino lilitoka nikaliona sakafuni, na damu ikamjaa kifuani. Niliona macho yake yanageuka, Yesu na Maria, nikajua anakufa mbele yangu.

Ndipo huko nje mtu akapiga yowe: "Mwizi!"

Kiboriloni, siku ya soko, neno hilo halirudiwi. Watu walimtoa Filemon wakimvuta miguu. Mawe, fimbo, mateke, mwanamke mmoja anampiga na debe. Sikio lilichanika, meno yakaenda, akawa anamwita mama yake kwa Kichagga. Mkuki kwa nguruwe! Nilifurahi, sitaficha. Mtu alikuwa tayari amekuja na petroli kwenye chupa ya maji.

Doris akatoka akitambaa. Waya bado unaning'inia shingoni. Akajirusha juu ya Filemon, jiwe lililokuwa limesharushwa likamshukia yeye mgongoni.

"Muacheni! Si mwizi! Ni mume wangu!"

Watu wakasimama. Aliyeshika petroli akatema mate akaondoka.

Siku chache baadaye fundi wa jirani alimwazima mashine moja. Doris akachomeka ule waya wa ukutani, na filamu zote zikatokea, hakuna hata moja iliyopungua. Kompyuta ilikuwa chini ya kitenge chake muda wote ule, inavuma. Doris alicheka na midomo yake iliyovimba mpaka akalia.

Filemon alipopona akaja na baba yake na Theodory, amebeba isale. Kwetu, aliyekukosea akikuletea jani la isale, unasamehe, hata kama amekuulia ndugu. Ukikataa, laana ni yako. Na mmea huohuo ndio tunaoupanda kwenye mpaka wa shamba, na ukishapandwa hakuna mwenye akili anayeung'oa. Wengine huleta jani moja. Filemon, mtu wa kujionyesha, alikata shina zima na majani yake kichwani, ili mtaa mzima uone anavyojuta.

"Doris, siku ile ulisema mbele za watu kwamba mimi ni mume wako. Basi nimekuja kukuchukua."

Doris alilipokea kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule uliopinda.

"Nimekusamehe, Filemon. Kutoka moyoni."

Akina mama wakapiga vigelegele. Theodory akaanza kushika mikono ya watu kama yuko harusini. Mimi niliwaka hasira, nikasema kimoyomoyo, mwanamke huyu mjinga, kumbe tunamuombea bure.

"Dada Margareta," akasema, "niazime jembe."

Nikampa, nikidhani anataka kuzika kitu. Alichimba pale pale mbele ya kizingiti chake, kati ya mlango na viatu vya Filemon. Akalisimamisha lile shina, akalifukia, akalikanyagia udongo, akachota maji kwenye ndoo yangu akalimwagilia.

"Nimelipokea," akasema. "Sasa ni mpaka. Wewe huko, mimi huku."

Vigelegele vilikatika. Theodory akainama alishike. Baba mkwe, mzee aliyepanda masale maisha yake yote, akamdaka mkono.

"Usiguse! Limeshapandwa."

Filemon aliinua mguu avuke. Akalitazama lile isale, akamtazama baba yake, na baba yake akatazama pembeni. Akaurudisha mguu chini.

Doris akanirudishia jembe langu na udongo wake. Ndani vijana walikuwa wanaita, filamu imefika patamu, aje aongeze sauti. Akaingia.