Mamangu Alinisemea

Miezi mitano sikutoa neno kinywani, na katika miezi hiyo mamangu alinisemea kila kitu mpaka kijana wa watu akatupwa rumande. Nayasema haya bila kupunguza. Naitwa Jalila, nina miaka kumi na saba, mzaliwa wa Bofu, Likoni, na mwenye kutaka kununa na anune.

Bibi yangu Mwanakheri, aliyemzaa marehemu baba, alikuwa akiuza mahamri na mbaazi barazani kwetu. Asubuhi hiyo jua lilikuwa lishatoka, mimi nimeshavaa sare ya skuli, nageuza mahamri kwenye karai, yeye anasukuma madonge. Vijana wawili wakaingia na mapanga, nyuso wamezifunga vitambaa. Walitaka simu na bangili ya dhahabu iliyokuwa mkononi mwake. Simu aliwapa. Bangili alikataa katakata, akasema ile ni ya harusi yake na itatoka siku atakapooshwa maiti. Mmoja akamkamata mkono aivute kwa nguvu, Bibi akamrukia usoni, kitambaa kikateremka mpaka kidevuni. Kijana akashusha panga. Damu ikaingia kwenye unga.

Uso niliouona ulikuwa wa Hashim, kakangu, tumbo moja, ziwa moja. Naye akaniona.

"Jali," akaniambia, "nyamaza."

Basi nikanyamaza. Wala sikukusudia. Hospitalini nesi aliniuliza jina langu, nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Siku ya pili hivyo hivyo. Watu wakasema nimeingiwa na pepo. Mama akanizungusha kwa masharifu, nikanyweshwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, mpaka nikawa nakojoa njano, na majirani wakimwona anavyohangaika walikuwa wakifuta machozi. Maskini mama yule, mume kafa, mkwe kakatwa, binti kawa bubu!

Polisi walipotuita, askari aliniuliza kama niliwaona wale vijana. Kabla sijainua kichwa Mama akadakia.

"Amenionyesha kwa ishara, afande. Ni yule muuza maji, Dancun."

Dancun alikuwa akisukuma mkokoteni wa madumu mtaani kwetu. Mtu wa bara, mpole kupita kiasi, madumu ya Bibi alikuwa akimwingizia mpaka jikoni, na yule mwenzake Hashim hakulingana naye hata kwa umbo. Nilimtazama Mama nikadhani uchungu umemchanganya akili. Nilipaswa kutikisa kichwa pale pale. Sikutikisa. Hilo ni langu, simsukumii mtu. Nilijiambia Mama hajui la kweli, na akilijua presha itamuua, kwa hivyo bora nimbebee. Dancun akachukuliwa jioni ile ile. Wizi wa mabavu, nao ukikuangukia hutoki leo wala kesho.

Bibi alirudi nyumbani na mkono wa kulia ambao vidole vyake havikunjiki. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Mimi nimesamehe, namwachia Mungu," na watu wakamsifu sana kwa imani yake. Hashim naye akapelekwa Msambweni kwa mjomba, ati kutafuta kazi.

Mwezi wa nne wa ububu wangu nilikuwa jikoni na Mama tukimenya vitunguu, simu yake ikalia. Mtu akinyamaza sana watu humdhani na masikio yameziba. Mama hakutoka hata nje.

"Kaa huko huko, mwanangu," akasema. "Kesi ikimwishia yule wa bara utarudi kwenu. Dadako? Hana neno, bubu haulizwi. Mimi ndiye ninayemsemea." Kisha akacheka. Kidogo tu, lakini wallahi alicheka.

Kumbe! Mimi nahisi nimembeba Mama, kumbe ni yeye aliyenipanda mgongoni akielekea kwake. Mbele za watu ananinywesha kombe nipone, na akirudi ndani anaomba Mungu nisipone. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema ufanye nini ikiwa hiyo nguo yenyewe ni mamako.

Mtaniuliza, na kalamu je? Kalamu nilikuwa nayo, na madaftari tele. Woga pia nilikuwa nao. Niliandika jina la Hashim mara mbili nikalichana mara mbili, na Dancun akazidi kulala ndani.

Kisha akaja Maryanne, mamake Dancun, mpishi wa chapati kule Changamwe. Alikuja na leso kichwani na msalaba shingoni mpaka mlangoni mwa msikiti, mbele ya Ustadh Mwinyihaji, imamu wetu, watu wakitoka kuswali alasiri.

"Nimesikia nyinyi muko na maombi ya kushika mwizi," akasema. "Hiyo Halbadiri. Mimi nataka isomwe. Kama ni mtoto yangu alikata huyo mama, wacha imkule."

Wapo waliokicheka Kiswahili chake. Alichokisema hakuna aliyekicheka. Halbadiri si mchezo, ni kisomo cha kumwapiza mwovu asiyejulikana, na kwetu hata mwizi wa kuku akisikia inasomwa humrudisha kuku. Ustadh mwenyewe haipendi, husema ule ni moto na moto hauchagui chumba. Lakini mama wa mshtakiwa ndiye anayeitaka, mtaa mzima umesikia, atamkataliaje? Akasema Alhamisi, baada ya alasiri, pale madrasa. Kesi ya Dancun ilikuwa Jumatatu inayofuata, na mimi nimeandikwa shahidi, na Mama wa kunifasiria ishara zangu.

Wiki hiyo Mama alinilisha pilau. Akaninunulia dera jipya. Alhamisi asubuhi akanishika kidevu akaniambia, "Ustadh atauliza kama kuna mwenye kujua. Wewe ni mgonjwa, mwanangu, mgonjwa haandikiwi dhambi." Kwa mara ya kwanza nikauona woga machoni mwake, na nikajua anamwogopea nani. Haikuwa kwa ajili yangu.

Madrasa ilijaa pomoni. Wanaume mbele, sisi nyuma ya pazia, ubani unafuka. Bibi alikaa upande wangu mmoja, Mama upande wa pili, kanikaza kifundo cha mkono. Maryanne alikaa peke yake ukingoni mwa mkeka, hakuna aliyemsogelea.

"Jamani," Ustadh akasema, "kitabu hiki nikishakifungua sina uwezo wa kukirudisha. Humpata aliyetenda na humpata aliyemficha. Kuna mwenye kujua kitu?"

Akauliza mara ya pili. Wanawake wakaanza kusoma dua chini chini, mmoja akamfunika mwanawe kwa kanga. Maryanne hakusoma wala hakulia. Alikuwa amekodoa macho kwenye pazia kama mzazi anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe. Chumba kizima cha Waislamu, asiyekiogopa kisomo ni yule Mkristo peke yake! Niliona haya. Huruma nilikuwa nayo siku zote na haikunisaidia kitu, lakini haya ile ilinichoma.

"Ni Hashim," nikasema.

Sauti ilitoka imekwaruza, mwenyewe sikuitambua. "Nani kasema?" Ustadh akauliza. Mama akanirukia akaniziba kinywa kwa kiganja.

"Ana pepo! Mtoto ana pepo, msimsikilize!"

Nikamuuma. Naam, nimemuuma mamangu mzazi, na mwenye kunilaani na anilaani. Akautoa mkono.

"Ni Hashim, kakangu," nikarudia, na safari hii nilipaza. "Nilimwona uso. Dancun hakuwako. Mama anajua, amemficha Msambweni kwa mjomba, na mimi sikumwonyesha ishara yoyote. Hata moja!"

Pazia likafunuliwa, wanaume wakageuka wote. Mama hakukana. Aliangua kilio akajipiga mapaja. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Nyinyi mngefanya nini? Mngempeleka wenu kunyongwa?"

"Na mimi ni mwana wa nani?" nikamuuliza.

Akanitazama. Wallahi nilingoja jibu, nilikuwa bado nalitaka.

"Bora ungebaki bubu," akasema.

Nikamgeukia Bibi. Huyo ndiye niliyekuwa namwogopa kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekatwa, na mimi nimekula naye sinia moja miezi mitano nikijua ni nani aliyemkata. Nikampigia magoti. "Nisamehe, Bibi. Nilikuficha."

Akaniwekea kichwani ule mkono wake usiokunjika vidole. Nilijua atalia, nikajiandaa kumshika.

"Nilimjua, mjukuu wangu," akasema taratibu. "Tangu pale alipokwambia unyamaze. Sikudhani wewe ungekuja kutuvua nguo mbele za watu."

"Na Dancun, Bibi?"

"Dancun si wetu."

Nikautoa mkono wake kichwani mwangu. Niliutoa polepole kwa sababu nilijua bado unamuuma, kisha nikasimama nikatafuta viatu vyangu mlangoni. Maryanne alikuwa ameshavaa vyake.

"Hiyo umesema hapa, utasema kwa polisi?"

"Nitasema."

"Miezi tano," akasema. "Miezi tano mtoto yangu analala kwa simiti, na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakunishika mkono, wala sikustahili kushikwa. Akatangulia, mimi nikamfuata kwenda kituoni. Mle ndani walikuwamo mamangu, bibi yangu na mtaa mzima ulionilea, na hakuna hata mmoja aliyeniita nirudi.