Kitenge Juu ya Kovu

Mimi ni muntu wa barza, wa kukaa mbele ya nyumba. Wengine wanapanda milima mpaka Pepa kutafuta ng'ombe. Mimi nikifika sokoni nimeshasafiri. Mutoto wangu wa kwanza alipozaliwa kwa kupasuliwa, nilipata sababu nzuri ya kutotoka kabisa: kovu. Nikiitwa matanga huko Kabimba, kovu. Nikiombwa kuteka maji, kovu. Bwana wangu, anayefanya kazi kwenye reli, alisema kovu langu linafanya kazi kumushinda.

Siku niliyotoka hospitali, mama mukwe alinifunga kitenge tumboni, akakikaza mpaka nikakosa pumzi, ili mushono usifunguke. Sikukifungua ila kwa kuoga. Kikichakaa, nafunga kingine. Ikapita miaka mitatu. Sikumwambia mtu, lakini niliamini kitenge njo kinachonishikilia, na kwamba nikibeba mimba nyingine nitapasuka kama gunia la mihogo. Na mutoto wa pili nilimutaka, nilimutaka sana.

Kisha damu ya mwezi ikaanza kuchelewa kuisha, inatoka kidogo kidogo, nyeusi. Bwana wangu akatuitia moto mbili, pikipiki za kukodi, moja yangu, moja ya mama yake, tukapelekwa kwenye ekografi, mashini inayopiga picha ndani ya tumbo.

Daktari alikuwa mama mufupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliponiona nimelala akagusa kitenge.

"Mama, hii ulifungwa lini?"

"Tangu mutoto azaliwe, Mama Dokta."

"Mutoto ana miaka ngapi?"

"Mitatu."

Yeye hakucheka. Aliyecheka ni mama mukwe, kwenye kiti chake cha pembeni.

"Mimi nilisema siku makumi ine, arobaini tu. Huyu njo alijiongezea. Hata kufungua kitenge anaona ni safari."

Daktari alinituma kwanza nikakojoe. Kisha akanieleza kwamba kifaa kitapita chini, si juu ya tumbo, na kila alipotaka kukisogeza aliniambia kabla. Akageuza kioo cha mashini nione. Nilichoona ni ukungu, kama ziwa asubuhi ya mvua.

"Hii ni nyumba ya mutoto," akasema. "Na hapa njo walishona."

Pale aliponyoosha kidole palikuwa na kishimo cheusi.

"Basi nimetoboka," nikasema.

"Ngoja nipime kwanza."

Akapima, akaandika. Akasogeza kifaa, akapima tena, akaandika. Akarudi mara ya tatu. Fundi wangu wa nguo anapima mara moja na kuniharibia kitambaa. Huyu alipima mara tatu kitu ambacho hata hakuwa na nia ya kukikata. Niliutazama ule mukono wake uliotulia nikasahau kidogo kuogopa.

"Kishimo kipo," akasema mwishowe. "Damu inabaki humo, njo maana inachelewa kuisha. Lakini angalia hapa juu yake. Nyama iliyobaki ni nene."

"Inatosha kubeba mutoto?"

"Kwa ninavyoona leo, sioni kizuizi. Siku ya uchungu siwezi kukuahidi, picha haisemi yote. Ukishika mimba uje mapema. Na usizalie nyumbani."

Nikataka kumushukuru, ikatoka sauti ya mbuzi.

"Na kitenge?" mama mukwe akauliza.

"Avae kiunoni kama wenzake, aende sokoni."

Tulitoka nikiona tumbo jepesi, kama kichwa kilichonyolewa sasa hivi. Mama mukwe alikuwa amekunja vizuri kile kitenge nilichofunguliwa kwa daktari, akakiweka ndani ya mufuko wake.

"Kovu limepona," akasema. "Kesho utateka maji."

"Ndiyo, Mama. Na hicho nirudishie, nikifue."

"Acha. Nakitunza kwa yule mutoto anayekuja. Ila safari hii zile siku makumi ine nitazihesabu mwenyewe."