Koti Nililosema Nimelinunua Sandton

Viza yangu ya biashara ilitoka siku ya Jumatano, na kabla ya saa sita mchana karibu kila mtu niliyemjua Johannesburg alikuwa ameshanipongeza, isipokuwa mmoja. Huyo ndiye aliyestahili kuambiwa wa kwanza. Sikumpigia. Nilishinda na simu mkononi nikijibu salamu za watu ambao hawakunisaidia kwa lolote, na jina lake nikawa nalipita tu kila niliposhuka kwenye orodha.

Nilikuja mji huu kutoka Tanga kusoma shahada ya pili ya mambo ya kompyuta. Chuo kilikuwa Braamfontein, lakini chumba nilipanga Yeoville, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na mtu akikukanyaga njiani alikuomba radhi kwa Kiswahili. Mtaa wa pili kutoka kwangu alikuwapo fundi cherehani, mama wa makamo kutoka Bukavu, mwenye cherehani mbili ndani ya chumba kilichokuwa gereji zamani. Nilimpelekea gauni la kupunguza. Aliniangalia tangu mabegani hadi visigino, futi bado inaning'inia shingoni mwake, akataja vipimo vyangu kimoja kimoja. Alipopima kwa futi, alikuwa amekosea nusu inchi tu, kiunoni, akasema ni kwa sababu nimekula sasa hivi. Kweli nilikuwa nimetoka kula.

Biashara yangu ilianzia pale, ingawa kwa muda mrefu niliwaambia watu hadithi nyingine. Wateja wake wengi walikuwa wamehamia Cape Town, Durban, wengine wamerudi Lubumbashi. Walitaka aendelee kuwashonea lakini hawakujua kujipima, kwa hiyo alikuwa akiwaelekeza kwa simu, kazi imesimama, sauti imepanda. "Shika kamba ya kiatu. Zungusha hapa juu ya mfupa. Hapana, mama, ile haiko kiuno, ile iko tumbo!" Siku moja nikamwambia naweza kutengeneza programu ya simu ikamfanyia kazi hiyo.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Fanya, binti. Mi nitakuambia yote."

Na aliniambia yote. Kwa miezi minane, kila Jumamosi, nilikaa kwenye kigoda karibu na pasi yake nikiandika. Kwamba mwenye mabega ya kushuka apimwe akiwa amebeba kitu mikononi. Kwamba mama anayenyonyesha asipimwe asubuhi. Kwamba wanaume hudanganya kuhusu tumbo, na uongo wao una kipimo chake: inchi moja kwa kijana, mbili kwa mzee. Kanuni hizo nilizigeuza kuwa hesabu nikaziingiza kwenye programu. Maelekezo tuliyarekodi kwa sauti yake, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, na cherehani ya msaidizi wake ikisikika kwa nyuma. Mafundi wa Yeoville wakaanza kuitumia, kisha wa Pretoria.

Aliomba kitu kimoja tu. Alikuwa akiishi kwa karatasi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi, ya kuhuishwa kila baada ya muda, na alikuwa amechoka kusimama foleni bila chochote cha kuonyesha. "Siku kampuni itasimama kwa miguu yake," aliniambia, "uniandikie barua moja. Iseme huyu mama ni mwenzetu, hii kazi ametengeneza na yeye."

"Hilo tu, mama? Nitakuandikia mbili."

Viza yangu ya mwanafunzi ilipokaribia kwisha, nilimwendea wakili anayeshughulikia mambo ya uhamiaji. Alikuwa mtu mpole, mwenye ofisi ndogo iliyojaa mafaili. Alisoma andiko langu la biashara polepole, akafika ukurasa nilipomtaja fundi kuwa mwasisi mwenzangu, akaweka kidole pale.

"Huyu makaratasi yake yakoje?"

Nikamweleza.

"Sikiliza," alisema. "Wao wanataka kuona kwamba wazo ni lako, ujuzi ni wako, na wafanyakazi walio wengi ni raia wa hapa au wakaaji wa kudumu. Ukiwapa mwasisi ambaye hadhi yake mwenyewe haijatulia, swali moja litakuwa matano. Sikwambii umtoe. Uamuzi ni wako. Nakwambia tu faili jepesi linatembea haraka."

Sikwambii umtoe. Nimelirudia neno hilo mara nyingi nikitafuta mtu wa kumlaumu, na kila mara namkuta wakili amejitoa mapema, amesimama pembeni, na mimi niko peke yangu katikati. Nilimtoa siku ileile, kwenye kompyuta yangu, nikiwa bado nimekaa mbele yake. Andiko lilikuwa kwa Kiingereza, na kila mahali palipoandikwa "sisi" nilitaka pasomeke "mimi". Kompyuta iliniuliza kama nina hakika nataka kubadilisha yote kwa pamoja. Nilibonyeza ndiyo.

Fundi sikumwambia. Nilichomwambia ni kwamba watakuja wakaguzi kuona kama kampuni ipo kweli, nami sina nguo ya kuonekana mbele yao. Alinishonea koti la sufu ya kijivu kwa siku tatu, akaacha kazi za watu zikisubiri. Ndani aliweka bitana ya kikwembe, kitenge cha kwao, cha rangi ya machungwa. "Wao wataona kijivu," alisema akinirekebisha kola. "Wewe utajua ndani kuna nini."

Wakaguzi walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, asubuhi moja ya baridi kali. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja Braamfontein, ghorofa ya tatu, na vijana watatu wa hapahapa niliowaajiri walikuwa wamekaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Nilieleza vizuri. Najua nilieleza vizuri kwa sababu yule mwanamke aliacha kuandika akawa anasikiliza tu. Hapo mlango ukagongwa, ukafunguliwa, na fundi akaingia na mfuko mkubwa wa plastiki, akihema kwa ajili ya ngazi.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba alete nguo za mfano. Nilimwomba kabla sijapewa tarehe ya ukaguzi, kisha nikasahau.

"Habari za kazi, binti? Nimeleta zile."

Nilimjibu kwa Kiingereza. Nilisema asante, uache tu hapo karibu na mlango.

Alisimama. Hatukuwahi hata siku moja kuzungumza Kiingereza, yeye na mimi. Aliwatazama wageni, akanitazama mimi, akatazama koti. Niliona kabisa ameelewa, na nilichohisi wakati ule, Mungu anisamehe, ni shukrani kwamba ameelewa upesi.

"Huyu ni nani?" aliuliza mkaguzi mwanamke, kwa ukarimu tu, akimtabasamia.

"Ni mmoja wa mafundi wanaotumia programu yetu. Ameleta mzigo."

"Inakusaidia, mama?" akamgeukia fundi.

"Inasaidia sana," fundi akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko nilivyomdhania.

"Na hizi kanuni za kupima, hizi za mabega na tumbo," mkaguzi akanirudia mimi, "umezitunga mwenyewe?"

"Mwenyewe," nilisema.

Fundi aliinama akawa anaunyoosha mfuko, ingawa ulikuwa umekaa sawa. Wakaguzi walifunga madaftari yao. Yule mwanamke, alipokuwa akiniaga, aligusa mkono wa koti langu kwa vidole viwili, kama wanawake tunavyofanya tukipenda kitambaa cha mwenzetu.

"Koti zuri sana. Umelipata wapi?"

"Sandton," nilisema, nikitaja mtaa wa maduka ya matajiri.

Fundi alikuwa bado pale, mkono wake kwenye kitasa. Aliniambia, "Good day, madam," akatoka. Nilizisikia hatua zake kwenye ngazi, taratibu, ghorofa zote tatu.

Baada ya hapo sikupita tena mtaa wake. Nilizunguka kwa nyuma, mbali, nikajiambia huko kuna duka lenye mkate mzuri. Alikuwa hapigi simu, nami nikajidanganya kwamba ana kazi nyingi. Miezi ikaenda hivyo mpaka Jumatano ile viza ilipotoka. Jioni mama yangu alipiga kutoka Tanga. Alikuwa ameshawaambia majirani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akafuta machozi.

"Na mama yako wa huko," akaniuliza, "yule fundi uliyekuwa ukinisimulia kila Jumamosi. Amesemaje?"

"Amefurahi sana, mama. Anakusalimu."

Nilikata simu nikakaa sakafuni. Kumdanganya mkaguzi nilikuwa nimejitafutia sababu. Salamu za uongo kwa mama yangu sikuwa na la kusingizia.

Jumamosi nilikwenda. Nilinunua keki kwanza, kisha njiani nikaona ni upuuzi kumpelekea mtu keki, nikampa mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya kwenye robot, taa za barabarani kama wanavyoziita hapa. Fundi alikuwa peke yake, anatoa nyuzi kwenye suruali. Alinionyesha kigoda kwa kidevu. Nilimweleza yote bila kupumzika: wakili, andiko, jina lake nililolitoa, woga wangu wa kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Aliendelea kutoa nyuzi.

"Ile ya makaratasi, nilielewa," alisema nilipomaliza. "Nilipoona wale watu na uso yako, nilielewa palepale. Mi pia nimesema uongo kwa karatasi. Mpakani nilisema mtoto ya dada yangu ni mtoto yangu. Karatasi inataka ile inataka." Aliikunja suruali, akaiweka juu ya meza. "Lakini koti. Ile mama alikuuliza koti kwa viza?"

"Hapana."

"Ungesema tu, fundi wa Yeoville. Ungesema fundi moja. Hata jina usingetaja. Wangekunyima viza?"

"Hapana, mama."

"Bon. Sasa niambie, Sandton ilikuwa ya nini?"

Jibu nililokuwa nalo ni baya: kwamba kwa dakika chache pale ofisini nilikuwa mtu ambaye nguo zake hutoka Sandton, na nilimpenda mtu huyo. Nilianza kulia. Fundi hakuninyamazisha. Alisubiri, kama unavyosubiri mvua ukiwa chini ya paa la mtu usiyemjua, kisha akasema, "Toa sauti yangu kwa ile programu. Leo."

Niliitoa siku hiyohiyo, na kwa wiki nzima programu ilikuwa bubu. Mafundi wakaandika kuuliza mama amekwenda wapi, kuna aliyeuliza kama amefariki. Nilimwandikia fundi ile barua aliyoiomba tangu mwanzo, nikaandika ukweli wote juu ya kazi yake, nikamwendea wakili tena kutengeneza hati ya kumpa nusu ya kampuni na kuitaarifu idara ya uhamiaji. Wakili alinionya kuwa nikihuisha viza nitaulizwa. Nikamwambia waniulize. Nilijisikia shujaa kidogo siku ile, mpaka nilipokumbuka kwamba viza ilikuwa tayari mfukoni.

Fundi hakutia sahihi upesi. Aliipeleka hati kwa binti yake, anayesoma sheria na asiyezungumza Kiswahili ila akikasirika, ikarudi imejaa kalamu nyekundu. Walitaka kifungu kiongezwe: kanuni za kupima ni mali yake, na akitaka kuzipeleka kwa mwingine asizuiwe na mtu. Nilikiongeza. Akatia sahihi, akachukua na barua yake, akaikagua mara mbili kabla ya kuikunja. Hakusema asante, wala hakukuwa na sababu.

Sasa huja ofisini kila Jumatatu. Sauti aliirudisha mwenyewe, baada ya mafundi kumsumbua sana, kwa masharti aliyoyaandika. Hugombana na vijana wetu kuhusu nyonga na mabega, nao humpenda. Mimi pia hunisemesha vizuri, hata hunitania, lakini kwa Kiingereza. Nikimsalimu kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, bila hasira.

Hivi karibuni nilialikwa chuoni kuzungumza na wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaotaka kuanzisha kampuni hapa. Niliwaeleza mambo ya andiko, ya wakaguzi, ya kuajiri. Halafu, bila kupanga, nikawaeleza na habari ya fundi, mpaka kwenye koti. Nadhani nilitegemea kitu fulani, sijui nini, labda kwamba nikishayasema mbele za watu yatapungua.

Dada mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Samahani," alisema, kalamu iko tayari. "Huyo wakili ofisi yake iko wapi?"

Nilimwelekeza.