Sauti ya Mfano

Ukimsikia mama mdogo akiongea nyumbani, huwezi kudhani ana sauti. Anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Lakini karibu kila wimbo wa injili unaotamba redioni yumo, huko nyuma, kwenye kuitikia. Tena ana kazi nyingine ambayo sikuijua mpaka nilipoanza kumfuata studio: kabla mwenye wimbo hajaja kurekodi, mama mdogo huuimba wote, ili mwenyewe ausikilize ajue wapi apande na wapi ashuke. Wanaiita sauti ya mfano. Mwenyewe akisharekodi, ya mfano inafutwa.

Inatakiwa ifutwe.

Jumamosi ile fundi wa studio alikuwa amemaliza albamu ya mkusanyiko, nyimbo zilizotamba za waimbaji mbalimbali, na uzinduzi ulikuwa kesho yake. Akamwita Malkia aje asikilize, maana wimbo wake ndio ulioibeba albamu. Malkia ndivyo watu wanavyomwita, na ukimwita vingine haitiki haraka. Mama mdogo alikuwa amekuja kuitikia wimbo mpya wa Malkia. Nikabanana naye kwenye kochi.

Nyimbo zikapita, fundi akitikisa kichwa kama aliyezitunga yeye. Ukafika wa Malkia. Kinanda, ngoma, kisha sauti. Mama mdogo akanifinya goti. Nilidhani ni furaha, lakini nilipomtazama midomo ilikuwa imemkauka. Ndipo nikasikia vizuri: aliyekuwa akiimba ni yeye.

Fundi aliuchukua wimbo kwenye mashine ya zamani, na kumbe humo ya mfano hakuwahi kuifuta. Mkono wake ukakimbilia kitufe.

"Acha," Malkia akasema.

Tukausikiliza wote. Sijawahi kuona wimbo wa sifa ukitisha vile. Mama mdogo aliwahi kunisimulia habari za mwitikiaji aliyedaiwa kutaka kupanda kwa mgongo wa mwenye wimbo. Studio zote zilimfungia mlango. Nikajua anawaza hilo tu: kesho ataimba wapi?

Kwenye ubeti wa pili, pale Malkia anapokata pumzi, na kanisa zima hukata naye, mama mdogo aliunganisha moja kwa moja. Nywele zikanisimama.

Wimbo ulipoisha, fundi akaomba radhi. Akailaumu mashine, akaulaumu umeme, almanusura anilaumu mimi. Malkia akamwambia aache maneno, arudishe ule wa kwake. Kisha akamgeukia mama mdogo.

"Dada, mbona hukuniambia kwamba pale hapakatwi?"

"Hukuniuliza."

Malkia akacheka puani. Akasema ule wimbo mpya nao anautaka kwa mfano kwanza, na safari hii atasikiliza kila pumzi. Fundi akaanza kukunja waya. Mimi nikachukua mkoba wangu wa shule. Niliona tumepona, tuondoke kabla mtu hajabadili mawazo.

Mama mdogo hakuinuka.

"Nitaimba," akasema. "Ila jina langu liandikwe kwenye jalada la huo mpya."

Malkia akamtazama fundi. Fundi akatazama dari. Mimi nikabaki nimeshika mkoba hewani.

"Kwani jina lako nani?" Malkia akauliza.

Miaka yote hiyo wameimba pamoja. Mama mdogo akamtajia yote matatu, hadi la babu, polepole, na Malkia akamwambia fundi aandike.